Tende Zikigeuka Mende

Ijumaa ya kabla ya Halloween, saa nne usiku, mende 24 walikuwa wamejipanga juu ya meza ya jikoni kwetu hapa Columbus, Ohio, na mimi ndiye niliyewatengeneza. Binti yangu wa miaka tisa, aliyejifunzia Kiswahili huku kwenye baridi na kwa hiyo hukiuliza maswali ambayo sisi wa Tanga hatukuwahi kujiuliza, aliinama akawatazama kwa makini. "Mama, hawa wamepangwa, au hizi zimepangwa?"

Nikamwambia: kabla hujang'ata ni mende, kwa hiyo wamepangwa. Ukishang'ata ni tende, kwa hiyo zimeliwa. Aliridhika. Baba yake, aliyekuwa amekuja kunywa maji bila kuwasha taa kubwa, alishavua ndala moja kabla hajaelewa.

Kutengeneza mende ni kazi ndogo kuliko inavyoonekana. Unachagua tende kubwa, zile za Medjool, zenye ganda la kahawia linalong'aa na mikunjo inayoshuka mgongoni, kwa sababu mikunjo hiyo ndiyo mabawa yenyewe, hakuna fundi atakayeichora vizuri zaidi. Unapasua upande wa tumboni, unatoa kokwa, unashindilia jibini laini iliyochanganywa na nazi ya kukuna na iliki kidogo. Chokoleti nyeusi unaiyeyusha, unaitia kwenye mfuko wa plastiki uliokatwa ncha, na juu ya karatasi ya kuokea unachora miguu na papasi mbili ndefu, kisha unaweka kwenye friji vigande. Kundi langu la kwanza lilikuwa na miguu minane. Binti yangu alilikataa: minane ni ya buibui, mende ana sita. Ilibidi niing'oe yote.

Mende hao walikuwa wa sherehe ya siku iliyofuata, ambayo sisi huiita sherehe ya vuli. Jina hilo lina vichekesho vyake. Kwetu vuli ni mvua, ile ya miezi ya mwisho wa mwaka ambayo mkulima huitazamia na mwenye paa bovu huiogopa. Huku neno hilohilo tumelibebesha majani yanayogeuka mekundu na kupukutika, hewa kavu inayopasua midomo, na maboga yaliyorundikwa nje ya kila duka. Tunasema "vuli" pia kwa sababu za ujirani. Kati ya familia zinazokuja kwetu, wapo Waislamu wasiotaka kusikia habari za Halloween, wapo walokole wasiotaka zaidi, na wapo wale ambao watoto wao wameshavaa mavazi ya mifupa tangu Septemba. Neno vuli linawatosha wote.

Kuwageuza mizimu kuwa mchezo si jambo dogo kwa mtu wa pwani. Nani aliyewahi kusikia Zanzibar wakitengeneza keki ya Popobawa? Mwaka 1995, hofu ya pepo huyo ilipoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakikesha na moto, na hakuna aliyecheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hawa wenzetu nao walianza hivyohivyo. Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na nyuma yake kuna Samhain ya Wakelti wa Ayalandi na Uskoti, usiku ambao mlango kati ya walio hai na wafu uliaminiwa kuwa wazi. Taa za kutisha walizichonga kwenye tanipu, mzizi mgumu mfano wa figili nene. Boga lilikuja baadaye, wahamiaji walipofika Marekani na kukuta tunda kubwa zaidi na laini kwa kisu.

Na tangu zamani, chakula cha usiku huo kilikuwa cha jikoni kwa mtu. Uingereza, maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vikeki vidogo, na malipo yao yalikuwa kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Ayalandi walioka mkate wa zabibu kavu na kuficha ndani yake pete, sarafu na kitambaa: wa pete ataoa au ataolewa, wa sarafu atatajirika, wa kitambaa ajitayarishe kwa ufukara. Marekani nayo, desturi ya watoto kugonga milango ilipoenea katika miaka ya 1930 na kurudi kwa nguvu baada ya mgawo wa sukari wa vita kwisha mwaka 1947, wenye nyumba walitoa walichokuwa nacho: biskuti zao, madonge ya bisi yaliyoshikanishwa kwa shira, matufaha yaliyochovywa kwenye sukari, njugu, hata senti.

Hayo ndiyo niliyoyasoma kabla ya vuli yangu ya kwanza hapa. Nikayaamini kama yalivyo.

Nikapika kashata za nazi, sitini, nusu nyeupe na nusu za waridi kama inavyopasa, nikazifunga moja moja kwenye karatasi nyeupe na kusokota ncha. Mji huu una mazoea ya kuuita usiku huo Beggars' Night, Usiku wa Ombaomba, na muda wa kuomba hutangazwa mapema kama ratiba ya umeme: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. (Des Moines, huko Iowa, mtoto hana budi kutoa kichekesho kwanza ndipo apewe pipi, na vichekesho vyenyewe havichekeshi.) Nilisimama mlangoni na sinia langu. Watoto walishukuru, wazazi waliokuwa nyuma yao kwenye njia ya miguu walitabasamu. Asubuhi nilipotoka kutupa taka nilizikuta kashata zangu kwenye pipa la pembeni ya barabara, zingine kwenye nyasi, karatasi zake hazijafunguliwa. Nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha.

Sikulia, lakini nilikaa wiki nzima bila kumsalimia mtu. Hatimaye mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa darasa moja na binti yangu, aliniambia kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni kwamba amevaa kanga nje-ndani. Huku hakuna anayekula kitu kilichopikwa na asiyemjua, si usiku ule. Pipi lazima iwe ya kiwandani na ifungwe kiwandani. Kila mzazi hukagua mfuko wa mwanawe kabla ya kulala, na kisichokuwa na nembo hutupwa.

Nilitaka kujua hofu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1964 mama mmoja wa Greenlawn, karibu na New York, alichoshwa na vijana wakubwa waliokuja kuomba pipi za watoto, akawafungia vifurushi vya biskuti za mbwa, sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, na vidonge vya kuulia sisimizi. Alidai ni utani na kwamba aliwaambia hivyo wenyewe, lakini alishtakiwa. Miaka kumi baadaye, huko Deer Park, Texas, mtoto wa miaka minane alikufa baada ya kula unga wa pipi uliotiwa sianidi. Nchi nzima ilitetemeka, ikamtafuta mgeni aliyejificha nyuma ya mlango fulani wenye giza. Hakuwa mgeni. Alikuwa baba yake mzazi, Ronald Clark O'Bryan, aliyekuwa amewakatia watoto wake bima ya maisha. Aliuawa kwa hukumu ya mahakama, kwa sindano ya sumu, mwaka 1984, lakini hadithi iliyobaki midomoni mwa watu haikuwa ya baba na bima. Ilikuwa ya pipi. Na mwaka 1982, wiki chache tu kabla ya Halloween, watu saba wa eneo la Chicago walikufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi madukani, na muuaji hakupatikana.

Joel Best, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Delaware, alipekua magazeti kuanzia mwaka 1958 akitafuta hao wageni wanaoficha wembe kwenye matufaha. Alichapisha matokeo na mwenzake mwaka 1985, na akaendelea kufuatilia miaka iliyofuata. Hakupata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa au kuumizwa vibaya na pipi aliyopewa na asiyemjua akizunguka usiku ule. Matukio mengi yalikuwa uzushi, na mengine watoto waliyabuni wenyewe ili waonekane.

Sasa nikuongezee kioja. Mwishoni mwa mwaka 2014, matufaha ya karameli yaliyofungwa vizuri, yenye nembo, ya dukani, yalisambaza bakteria wa listeria. Watu 35 katika majimbo 12 waliugua, saba wakafa, ingawa si vifo vyote saba vilivyothibitishwa kusababishwa na ugonjwa huo. Watafiti wa Wisconsin walipochunguza walimkuta mkosaji asiyetazamiwa: kijiti. Kijiti kinatoboa tufaha, maji yake yanapanda na kujikusanya chini ya karameli, na hapo, tufaha likiachwa nje ya friji, bakteria wanapata nyumba yenye unyevu na sukari. Tangu nisome hayo, matufaha yetu hayana kijiti na hayalali nje.

Nembo, kwa hiyo, haihakikishi kitu. Lakini hofu ikishakaa mlangoni haifukuzwi na utafiti, na mimi mwenyewe, lazima nikiri, leo hukagua mfuko wa binti yangu kama wengine. Kilichopikwa nyumbani kimekimbilia mahali pamoja tu: kwenye sherehe, ambako anayekula anamjua aliyepika. Ndiyo maana nikaanza kualika. Na kwa kuwa kashata nyeupe haitishi mtu yeyote, nikajifunza kutengeneza mifupa.

Mifupa ni ute wa yai. Ute wa mayai matatu, matone ya ndimu, unapiga hadi utoe povu zito, kisha sukari kama gramu 170, kijiko kwa kijiko, bila haraka, mpaka ukigeuza bakuli juu chini hakuna kinachoanguka. (Jaribio hili hufanywa na wenye imani.) Tone la kiini likiingia, au bakuli likiwa na mafuta, povu halisimami, anza upya. Unamimina kwenye mfuko uliokatwa ncha, unachora mstari wenye vifundo viwili kila mwisho, unaweka oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja na nusu, kisha unazima na kuiacha ipoe humohumo. Mfupa mzuri hulia ukiugonga kwa ukucha. Niliwahi kujaribu hii Tanga, likizo ya Desemba, na kufikia magharibi mifupa yangu ilikuwa imelowa na kushikana kama watu kwenye daladala. Sukari hunywa maji ya hewani, na hewa ya pwani ina mengi ya kunywesha. Oktoba ya Ohio, yenye hewa kavu na mitambo ya joto inayowaka usiku kucha, ndiyo majira yake.

Vioo vya damu ndivyo vilivyonitoa jasho. Sukari, maji kidogo, na shira ya mahindi inayouzwa kwenye chupa, ambayo kazi yake ni kuizuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Mama zetu hutumia ndimu kwenye shira ya kaimati kwa kazi ileile. Unapika hadi nyuzi 150, unamimina kwenye sinia, ikishapoa unavunjavunja vipande vyenye ncha kama dirisha lililopigwa jiwe, kisha ncha unazichovya kwenye jamu nyekundu. Jumamosi saa mbili asubuhi, sufuria iko motoni, kipimajoto changu kilisoma 131 kisha kikazimika. Betri. Ndani hakuna nyingine.

Nikampigia shangazi. Tanga ilikuwa saa tisa alasiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mbona unahema?"

Nikamweleza: sukari, kipimajoto, nyuzi 150. Akanyamaza kidogo. "Mimi hizo nyuzi zako sizijui. Najua uzi. Ikivuta uzi kati ya vidole, hiyo ya kaimati. Ikifanya tonge, hiyo ya kashata. Wewe unataka nini?"

"Nataka iwe ngumu na ipitishe mwanga, kama kioo."

"Si gubiti hiyo?"

Ilikuwa gubiti. Ile pipi ngumu tuliyokuwa tukiinunua kwa mwanamke aliyekaa nje ya shule na sinia lake, iliyotukata ulimi tukiinyonya kwa pupa. Sikuwahi kufikiri kwamba kioo cha damu cha Waamerika na gubiti ya Tanga ni sukari moja iliyofikishwa joto moja. Shangazi akaniambia nitie maji baridi kwenye bakuli nidondoshe tone. Likibonyea, bado. Likipinda kabla ya kuvunjika, bado kidogo. Likivunjika na kulia kama kijiti kikavu, "toa motoni upesi, mwanangu, maana baada ya hapo inakimbilia kuwa makaa. Na hao watoto wako mbali?" Walikuwa mbali. Sukari ya joto hilo ni mbaya kuliko maji ya moto, kwa sababu ikikugusa inaganda ngozini na kuendelea kuunguza.

Tone lilivunjika la sita. Nikamimina. Kisha, kwa furaha, nikamgeuzia simu ili aione meza: mifupa, vioo, na mende 24. Aliitazama muda mrefu.

"Mwanangu. Nimekulea nikifukuza mende. Leo wewe unawatengeneza?"

Si kila kitu kilifanikiwa. Minyoo ilinishinda. Minyoo ya dukani, na hata baadhi ya pipi za kawaida za msimu huu, ina jelatini, ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe, na nusu ya wageni wangu wasingeigusa. Candy corn yenyewe, ile pipi ya rangi tatu mfano wa punje ya hindi, ambayo kampuni ya Goelitz ilianza kuitengeneza mwaka 1898 na kuiuza kwa jina la chakula cha kuku, nayo huwa na jelatini. Rangi nyekundu nayo ina siri: nyingine hutokana na vidudu vya kochinili vilivyokaushwa na kusagwa. Kwa hiyo nilitumia agari, inayotokana na mwani. Wakulima wa mwani wa Zanzibar wanalima ndugu yake, ule unaotoa karagini. Niliimimina kwenye mirija ya kunywea iliyosimamishwa kwenye glasi, ikaganda vizuri hata bila friji. Lakini agari haivutiki kama jelatini. Nilipoiminya itoke, kila mnyoo ulikatika vipande vitatu. Tukaviweka kwenye bakuli na kuviita utumbo. Vilipendwa.

Macho nayo yana habari yake. Ohio hujiita jimbo la buckeye, mti ambao mbegu yake ya kahawia yenye doa la weupe hufananishwa na jicho la kulungu. Mbegu yenyewe ni sumu. Kwa hiyo watu wa huku hutengeneza ya kuliwa: siagi ya karanga, siagi ya kawaida na sukari ya unga, unafinyanga vidonge, unavigandisha, kisha unavichovya kwenye chokoleti ukiacha doa juu. Ukitumia chokoleti nyeupe badala ya nyeusi na kuongeza mboni na mishipa myekundu kwa ncha ya kijiti cha meno, jicho la kulungu linakuwa la binadamu, na la binadamu asiyelala. Lakini karanga huku ni jambo la hatari ya kweli, tofauti na wembe kwenye tufaha. Mtoto mwenye mzio anaweza kufa kwa kipande kidogo, na shule nyingi haziruhusu karanga kabisa. Nilimpigia simu kila mzazi. Mmoja alikuwa na mtoto wa aina hiyo, nami nikatumia siagi ya mbegu za alizeti. Tofauti ya ladha ipo, sitadanganya. Jicho lilikuwa na uchungu kidogo kwa nyuma.

Walikuja watoto kumi na tisa. Mifupa iliisha kwanza, kwa sababu inalia ikivunjwa na watoto wanapenda kinacholia. Baba mmoja Mkongomani alikula vioo vya damu vitatu akisema havimtishi, kisha akaomba maji. Mende walikaa peke yao kwa dakika ishirini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Yule mama wa miaka ile, wa kanga nje-ndani, ndiye aliyenyoosha mkono, akamshika mmoja kwa papasi, akamtia mdomoni mzima huku mwanawe akipiga ukelele. Alitafuna akitazama dari. "Iliki," akasema, na baada ya hapo sinia halikuchukua dakika tano. Nilificha mende watatu ndani ya kabati kwa ajili ya mwenye ndala.

Tarehe 31 yenyewe nilikaa mlangoni kama raia mwema, na bakuli la pipi za kiwandani zenye nembo. Walipita mabinti wa mfalme, buibui, na mzimu mmoja aliyekuwa amechoka na kubebwa. Karibu na saa mbili alikuja mtoto aliyevaa mifupa, akatumbukiza mkono kwenye bakuli, akautoa mtupu. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, lugha isiyokuwa na shida ya ngeli, kama mende wamebaki.

Nilitazama njia ya miguu. Mama yake alikuwa amesimama chini ya taa, tochi mkononi. Aliniinulia vidole viwili: mmoja wa mtoto, mmoja wake.

Nikaenda kufungua kabati.